Bahasha Zilizochanwa kwa Vidole

Ufa hauji kwa kishindo. Huanza kama unywele mmoja ukutani, mwembamba, hata sisimizi hapiti. Mwenye nyumba huutazama akasema, "Kesho nitaupaka udongo." Kesho ikifika hutundika kalenda juu yake, na mwaka ukiisha hutundika kalenda nyingine. Ndivyo tulivyo. Si kwamba hatuuoni, tunauona sana, ila kile kiganja kimoja cha udongo tunakiona kizito kuliko mzigo wa kuni. Wahenga walilijua hilo wakatuachia methali, na methali hiyo ilimkuta fundi mmoja wa nguo aliyeweza kuona uzi uliofumuka kwenye pindo la mtu anayepita ng'ambo ya barabara, lakini ufa wa kwake mwenyewe akautundikia kalenda.

Fundi huyo watu walimwita Bi Mkato, kwa kuwa alikata kitambaa bila kuchora chaki na nguo ikakaa mwilini kama ngozi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha la barabarani, cherehani tano, meza ya kukatia, na feni iliyolia kama paka mwenye njaa. Humo alishona yeye, binti yake, na wanawake watatu. Mmoja wao aliitwa Chapuchapu kwa sababu mguu wake haukutulia kwenye pedeli hata alipokuwa anakula.

Mwaka ule kazi zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Shule zilizoshonesha sare kwa Bi Mkato zilianza kununua zilizoshonwa tayari viwandani. Kwa hiyo hospitali ilipotangaza zabuni ya kushonewa mashuka na mavazi ya wagonjwa, karakana nzima ilisimamisha pedeli.

"Hii tukiikosa," alisema Bi Mkato, "cherehani mbili zitauzwa, na wenye kuzikalia wanajijua."

Alisema kama utani, lakini hakuna aliyecheka. Chapuchapu alikuwa na mapacha shuleni na mume aliyekuwa anaumwa mgongo. Alishika mkasi mdogo akaanza kukata nyuzi ambazo zilikuwa zimeshakatwa.

Zabuni ilitaka karatasi nyingi, nazo zilipatikana moja baada ya nyingine, isipokuwa cheti cha kutodaiwa kodi. Binti alikiomba kwa kompyuta ya jirani. Jibu likaja limeandikwa kwa rangi nyekundu: ombi limekataliwa, mwombaji ana gawio la hisa ambalo hajalitolea maelezo.

"Hisa gani tena?" Bi Mkato alifoka. "Mimi nina hisa wapi? Wamenichanganya na..." Akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga sindano. Binti yake alimtazama, akaona afadhali asiulize.

Zabuni ilikuwa ifungwe Ijumaa saa sita mchana. Jumatatu asubuhi Bi Mkato alikuwa mlangoni pa ofisi ya kodi kabla ya mfagiaji kumaliza kufagia. Afisa aliyempokea alikuwa kijana mwenye adabu, aliyesimama kumvutia kiti.

"Ni jambo dogo, mama," alisema. "Mwaka huu mitambo yetu imeunganishwa na ya wasajili wa hisa, kwa hiyo namba ya kitambulisho chako imeonekana. Leta taarifa yako ya hisa na cheti cha kodi iliyokatwa kwenye gawio. Ukishaleta, nafuta alama nyekundu, unapata cheti."

"Hiyo kodi ilishakatwa?"

"Ilishakatwa na waliolipa gawio."

"Wakawaletea nyinyi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mnayo."

"Tunayo. Lakini wewe ndiye unayetakiwa kutuonyesha."

Bi Mkato alivuta pumzi. "Mwanangu, yaani shati nimekushonea, umelivaa, umelifunga vifungo, halafu unanituma nikuletee shati hilohilo ili ujue kwamba umelivaa?"

Kijana alicheka, akakumbuka yuko kazini, akakohoa. "Ni utaratibu, mama. Nenda kwa wakala wako wa hisa."

Kwa wakala kulikuwa na vioo pande zote na kiyoyozi kilichomfanya Bi Mkato ajikunje kama jani. Msichana wa mapokezi alibonyeza kompyuta, akatikisa kichwa.

"Jina lako halimo, mama. Ulinunua kupitia wakala gani?"

"Sikupitia kwa mtu. Kiwanda cha nguo kiliwauzia wafanyakazi wake. Tulinunua pale pale, dirishani."

"Aa! Basi hisa zako ziko kwa jina lako moja kwa moja, haziko kwa wakala yeyote. Sisi hatuzioni. Nenda kwenye kampuni yenyewe."

Kampuni yenyewe ilikuwa mwisho wa mji. Bi Mkato alifika vumbi limemkaa mpaka kwenye kope. Getini wakampigia simu mtu wa ndani, mtu wa ndani akampigia mtu wa juu, na jibu likashuka kwa njia ileile: kampuni haitunzi orodha ya wanahisa, aende benki inakoingia gawio. Benki nako, baada ya foleni iliyojikunja kama utumbo, karani wa dirishani alimwambia kwamba wao wanaona pesa ikiingia tu, kodi hawaioni.

"Tena akaunti hii imelala, mama. Haijaguswa miaka na miaka. Na ni ya watu wawili, hakuna anayeweza kuitumia bila mwenzake. Mwenzako yuko wapi?"

Bi Mkato alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. "Nimeuliza habari ya kodi, sikuuliza habari ya mtu."

"Basi nenda kwa msajili wa hisa."

"Huyo naye ofisi yake iko wapi?"

Karani akamwandikia kwenye kikaratasi. Bi Mkato alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena. Ofisi ya msajili wa hisa ilikuwa katika jengo lilelile la wakala, ghorofa moja juu ya yule msichana wa vioo.

Lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ngazi akizungumza peke yake, na maneno aliyoyasema hayafai kuandikwa. Mlinzi wa ghorofani alimsikia kabla hajamwona. Alitoa kiti chake mwenyewe akakiweka kwenye kona ya ngazi. "Pumzika hapa, mama. Ofisi haikimbii." Kiti kilikuwa kimepasuka, lakini Bi Mkato hakukisahau. Siku nzima ile hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza alichopewa bila kuombwa kitambulisho.

Karani wa msajili alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani kichwani na kuitafuta mezani. Alibonyeza kompyuta, uso ukamng'aa.

"Ipo! Hisa zako zipo, taarifa zipo, na rekodi za kodi zipo za miaka yote."

"Alhamdulillahi. Nichapie."

"Siwezi, mama. Hisa hizi ni za majina mawili, na wewe ni wa pili. Taarifa za hisa za pamoja hutumwa kwa yule aliyetangulia kuandikwa. Tumezituma kila mwaka kwenye sanduku lake la posta, na hazijawahi kurudi. Hata cheti cha kodi kinatoka kwa namba yake. Ili wewe upate chako, lazima na yeye awepo."

"Kwani mimi si mwenye mali?"

"Ni mwenye mali, mama. Nusu."

Karani akashusha miwani machoni na kusoma tena, sasa kwa sauti ya huruma. "Tulipohamisha hisa kutoka kwenye vyeti vya karatasi kwenda kwenye kompyuta, tuliwatumia fomu. Kila mmoja aandike anwani yake na namba yake ya mlipakodi. Sahihi mbili tu, na kila mmoja angekuwa anapata taarifa zake na cheti chake cha kodi nyumbani kwake. Fomu yenu haikurudi."

Bi Mkato aliijua fomu ile. Alijua hata mahali ilipokuwa wakati ule.

Jina lililotangulia kwenye hisa lilikuwa la wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Walikuwa wamekaa cherehani za jirani kiwandani wakiwa wasichana, na wifi huyo ndiye aliyempeleka nyumbani kwao akamwonyesha kwa kaka yake. Kiwanda kilipowauzia wafanyakazi hisa, fungu dogo kabisa lilikuwa kubwa kwa mfuko wa mmoja, wakaunganisha mishahara wakanunua pamoja. Wifi aliandikwa kwanza kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na sanduku la posta. Baadaye waliacha kiwanda, wakafungua karakana, na wateja walishindwa kujua yupi ni wifi na yupi ni dada wa damu.

Siku moja bahasha ya gawio ililetwa karakanani. Wifi aliipokea kwa shangwe, akapapasa mezani bila kuangalia, akakamata mkasi wa kwanza alioushika, akaifungua bahasha kwa mkato mmoja. Mkasi ule ulikuwa mkasi mkubwa wa kitambaa wa Bi Mkato. Kila fundi anajua kwamba mkasi wa kitambaa haukati karatasi, kwa maana karatasi huula makali. Bi Mkato alimfokea mbele ya wateja: "Asiyejua mkasi wa kitambaa hajui kazi! Wewe si fundi, wewe ni karani aliyepotea njia!"

Wifi aliulaza mkasi mezani taratibu, akavua futi ya kupimia shingoni, akaitundika kwenye msumari, akatoka. Bi Mkato alisubiri arudi. Wifi, kwake, alisubiri aitwe. Neno moja tu lilikuwa linatosha, neno la "samahani," ambalo halinunuliwi dukani. Halikusemwa. Wakawa wanakutana misibani na kusalimiana kwa ncha za vidole. Marehemu mume alijaribu kuwapatanisha mpaka akachoka. Mara ya mwisho aliuliza, "Huo mkasi wenyewe uko wapi, niutupe?"

Jioni ya Jumatatu ile Bi Mkato alirudi karakanani akajitupa kwenye kiti. Wanawake walimzunguka.

"Imekuwaje?" Chapuchapu aliuliza.

Bi Mkato alinyoosha kidole ukutani, kwenye msumari walipotundika pateni, zile karatasi za mfano wanazoweka juu ya kitambaa kabla ya kukata. Binti aliishusha ya juu kabisa. Ilikuwa pateni ya kola, imechakaa kwa kutumika. Aliigeuza. Nyuma yake yalionekana maandishi yaliyofifia: *Mwanahisa wa pili aweke sahihi hapa*, na baada ya neno "hapa" karatasi ilikuwa imekatwa kwa mviringo wa shingo.

"Mama!" binti alisema. "Hii si ile fomu aliyonipa shangazi nikuletee? Ukaniambia utaishughulikia?"

"Niliishughulikia," Bi Mkato alisema kwa sauti ndogo. "Karatasi ilikuwa ngumu, nzuri."

Chapuchapu alifunika mdomo. "Yaani watoto wa shule nzima wamevaa kola za msajili wa hisa!"

Walicheka, na Bi Mkato naye akacheka kidogo, kisha akaacha.

Mtu akishazoea kalenda, hata ukuta ukiinama bado atatafuta msumari. Badala ya kwenda kwa wifi, Bi Mkato alimtuma binti yake. Binti alirudi na jibu: "Shangazi anasema nikwambie miguu unayo." Akapiga simu. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akatuma ujumbe mrefu wenye salamu nyingi mwanzoni na ombi mwishoni. Ukajibiwa kwa neno moja: "Miguu." Jumanne nzima ilikwenda hivyo. Jumatano alijifunga kitambaa kichwani, akaenda.

Wifi aliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la vyombo, akishona foronya na matundu ya vifungo kwa wateja wachache. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, ameinua sindano kwenye mwanga, anautafutia uzi tundu na uzi unamkataa.

"Hodi."

"Karib..." Wifi aligeuka. Karibu ilibaki nusu. "Kumbe njia unaijua."

"Nimeuliza, wifi."

"Mtoto wako huja hapa kila mwisho wa mwezi. Ungemuuliza yeye."

"Nimekuja kwa ajili ya sahihi."

"Sahihi tu?"

Bi Mkato aliziangalia foronya zilizokunjwa sakafuni. Wifi alirudi kwenye sindano yake. "Basi ukae au uondoke. Ukisimama hapo unanizibia mwanga."

Bi Mkato alikaa. Alimtazama akijaribu mara moja, mara mbili, uzi ukipita kando ya tundu. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua sindano, akalamba ncha ya uzi, akautunga, akamrudishia. Wifi aliipokea.

"Ulinitukana mbele ya wateja," wifi alianza.

"Nilikutukana."

"Ukaniita karani."

"Nilikuita."

"Aliyepotea njia."

"Wifi, unayakumbuka yote?"

"Nilikuwa na muda."

Bi Mkato alitazama mikono yake. "Nisamehe, wifi. Kaka yako aliniomba nikwambie neno hili mpaka akachoka. Nilikuwa nalo mdomoni kila nilipokuona, nalimeza. Mkasi ulikuwa mkasi tu."

"Hapana," wifi alisema. "Usiseme hivyo. Mkasi ulikuwa wa kitambaa. Nilijua pale pale ulipogusa karatasi, niliusikia mlio wake. Nilitaka kusema pole, lakini ulinitangulia."

Aliinuka kwa shida, akafungua kabati, akatoa mfuko wa nguo alioushona mwenyewe. Ndani yake zilipangwa bahasha za msajili, mwaka juu ya mwaka, na kila moja ina taarifa ya hisa na karatasi ya kodi, zote kwa jina na namba yake peke yake. Hakupoteza hata moja. Bi Mkato alizipitisha vidoleni, akaona kwamba kingo zake zote zimechanika vibaya, kama zilizotafunwa na panya.

"Mbona umezichana hivi? Hata kisu huna?"

"Ninacho. Lakini tangu siku ile sijawahi kuigusisha bahasha chuma. Nazichana kwa vidole."

Bi Mkato alijifuta macho kwa pembe ya kitambaa chake cha kichwani.

"Na ile fomu?" wifi aliuliza. "Nilijaza upande wangu nikampa mtoto akuletee. Nilisema moyoni, akisaini ataniletea mwenyewe, na akija nitampikia chai. Nilinunua na sukari."

"Niliikata kola."

"Uliikata nini?"

"Kola, wifi. Ya sare."

Wifi alimkodolea macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika ubavu, akaomba maji. "Nami nikakaa hapa nakudhania mjivuni! Kumbe umewashonea watoto wa watu kola kwa fomu yangu!"

Laiti mambo yangeishia pale, hadithi hii isingehitaji methali. Lakini ufa ulikuwa umeshakuwa mkubwa, na udongo wa kiganja haukutosha tena.

Alhamisi walipanda ngazi za msajili, wifi akipumzika kila kona, na mlinzi akitembea mbele yao na kile kiti kilichopasuka, akikiweka kila walipofika. Karani aliwapokea kwa furaha, akatoa kadi ya zamani yenye sahihi zao za ujana. Sahihi ya wifi ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja kama wa tausi.

"Saini hapa, mama, kama ile."

Wifi alisaini. Mkono ulimtetemeka, mkia ukatoka kama wa mjusi.

"Haifanani. Jaribu tena."

Alijaribu tena. Ukatoka kama wa panya.

"Lakini ni yeye!" Bi Mkato alisema. "Si unamwona? Kitambulisho hiki hapa, uso huu hapa. Huo mkono mwaka ule ulikuwa na mfupa mpya!"

"Mimi namwona, mama. Kompyuta ndiyo haimwoni." Karani alikuwa anaona haya kwelikweli. "Sahihi isipofanana inatakiwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Na kwa kuwa vyeti vyenu vya zamani vya karatasi hamnavyo, kiapo kingine cha kupotea. Na kwa kuwa akaunti imelala, barua ya benki. Na picha zenu ndogo."

"Zingekuwa sahihi mbili," Bi Mkato alisema polepole.

"Zingekuwa sahihi mbili," karani alikubali.

Wakashuka. Mpiga picha alikuwepo, lakini umeme haukuwepo. Wakili alikuwepo, lakini muhuri wake aliufungia kwenye droo, na ufunguo wa droo ulikuwa kwa msaidizi aliyekwenda kula. Benki walisema barua itatoka, ila mwenye kuiweka sahihi yuko mkutanoni. Bi Mkato aliuliza mkutano unahusu nini. Akaambiwa unahusu kupunguza foleni. Wifi alikaa kwenye benchi la benki, akavua kiatu, akatazama kidole chake kilichovimba.

"Wifi yangu," alisema, "tungelikuwa tunajenga ukuta wa kweli, sasa hivi tungekuwa tunaezeka."

Barua ilitoka milango ikifungwa. Ijumaa asubuhi walikuwa tena juu kwa msajili, kila karatasi ina muhuri wake. Na mtandao ukalala. Karani alisimama, akakaa, akasimama, akapiga simu, akazima mashine na kuiwasha. Chai yake ilipoa mezani bila kuguswa. Alikataa kuinywa mpaka mashine ya kuchapia ilipokohoa na kutoa karatasi mbili za moto: taarifa ya hisa ya Bi Mkato na cheti chake cha kodi, vyote kwa jina lake na namba yake. Karani alizibusu kabla ya kumpa.

Kijana wa kodi naye alikuwa mwema. Alipowaona mlangoni alimwomba aliyekuwa mbele yake msamaha, akafuta ile alama nyekundu, akachapa cheti cha kutodaiwa kodi. Bi Mkato hakungoja hata wino ukauke.

Binti alikuwa akiwasubiri hospitalini na bahasha ya zabuni mkononi, mdomo wa bahasha ukiwa wazi, tayari kwa cheti kimoja tu. Lakini walipofika uani, Bi Mkato alimwona amekaa kwenye ngazi, na uso wake ulikuwa umeshasema. Saa sita ilikuwa imepita. Ndani, sanduku la zabuni lilikuwa limewekwa lakiri, na watu wanaligeuzageuza kuthibitisha kwamba limefungwa.

"Nimewaomba, mama. Nimewaomba sana."

Katibu wa zabuni alitoka nje kuwafuata. Alikuwa mzee mpole. "Nimeangalia saa nikaichelewesha kadiri nilivyoweza," alisema. "Lakini wengine walikuwa wamesimama wananitazama. Poleni, kina mama." Akawapa maji ya kunywa, akaingia ndani.

Cherehani mbili ziliuzwa, kama Bi Mkato alivyosema, na wanawake wawili wakakosa pa kukaa. Chapuchapu alipata kazi kiwandani, ya zamu za usiku, naye alipokuja kuaga mguu wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza. Bi Mkato alimfungia kifurushi cha vitambaa kwa ajili ya mapacha, akamkumbatia. Kisha akaingia ndani akakaa kwenye cherehani yake bila kushona.

Baada ya wiki, wifi alifika na cherehani yake ya mkono imefungwa kwenye kanga, na wateja wake wa foronya nyuma yake. Aliichukua ile futi yake ya zamani msumarini. Ilikuwa palepale, imefifia rangi, na hakuna aliyewahi kuigusa. Aliipiga vumbi, akaivaa shingoni. "Hospitali itatangaza tena," alisema. "Safari hiyo tutakuwa tumesimama mlangoni kabla ya sanduku lenyewe kuletwa."

Mwaka uliofuata mleta barua alileta bahasha mbili, kila moja kwa jina la mwenyewe, kwa anwani ya karakana. Wifi aliishika yake, akaanza kuibana pembe kwa kucha ili aichane. Bi Mkato aliacha kukata. Alichukua mkasi wake mkubwa, akausukuma juu ya meza mpaka ukagusa vidole vya wifi.

"Fungulia huu."

"Huu? Huu si wa kitambaa?"

"Mkasi ukiwa butu hunolewa, wifi. Fungua."

Wifi alimtazama, akatazama mkasi, akafungua bahasha kwa mkato mmoja ulionyooka. Feni ililia juu yao kama kawaida yake. Kwenye zile nafasi mbili, ambako miguu ya cherehani ilikuwa imeacha alama sakafuni, hakuna aliyeketi. Bi Mkato aliziangalia, kama alivyokuwa akiziangalia kila siku, akakumbuka sahihi mbili na neno moja ambavyo kwa wakati wake vingeokoa yote hayo. Kweli waliosema hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.